Mohamed Said na Riwaya ya Dodoma

Mwandishi wa siasa hupimwa kwa hoja yake, lakini akiingia katika historia hupimwa pia kwa waliomsimulia. Kwa kipimo hicho tumekirejea kitabu cha Mohamed Said juu ya Abdulwahid Sykes (1924-1968), kilichotolewa kwa Kiingereza na Minerva Press, London, mwaka 1998, kisha kikafasiriwa kwa Kiswahili.

Mwandishi hakuanzia hapo. Mwaka 1988 alikwishaandika katika jarida la Africa Events la London, akihoji vipi historia ya TANU iliyotolewa na Chuo cha Kivukoni mwaka 1981 iliwapita wazee wa Dar es Salaam waliokuwa na chama kabla ya tarehe 7 Julai 1954. Swali lile lilikuwa la haki. Nyerere alichaguliwa kuiongoza TAA mwaka 1953. Nyumba aliikuta imeshajengwa.

Wapinzani wake husema: huyu amepokea kwa watu wa nyumbani. Ni kweli. Nyaraka ni za ukoo wa Sykes, na babu yake mwenyewe, Salum Abdallah, alikuwa katika harakati hizo Tabora. Jumhuri ya wanazuoni hawapokei ushahidi wa mwana kwa mzazi wake, si kwa uwongo bali kwa tuhuma ya mapenzi. Lakini Imamu al-Qarafi amekwishatenganisha baina ya ushahidi na riwaya. Wengi katika maimamu wa hadithi wamepokea kwa Amr bin Shuayb, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, ingawa wapo waliozungumza juu ya sanadi hiyo. Basi mwenye kukikataa kitabu kwa sababu ya udugu tu amekosea mlango.

Udhaifu tunaouona sisi uko bara. Kwa Dar es Salaam mwandishi ana barua, picha na wasimulizi wanaosahihishana. Akifika Dodoma habari inamtegemea zaidi Haruna Taratibu, mwashi aliyeipigania TANU mjini hapo. Hatumtuhumu Taratibu, habari ya mmoja mwadilifu hupokewa. Ila mji huu ulikuwa na mkutano wa African Association mwaka 1945, miaka tisa kabla ya TANU, na akina Ali Ponda walikuwa na sauti ndani ya chama. Kutoka kwa Ponda hadi kwa Taratibu kuna pengo ambalo kitabu hakikulijaza vya kutosha. Na Wagogo wa vijijini, nje ya mji wa reli, karibu hawasikiki.

Na kumbukumbu za chama chenyewe zimehifadhiwa Dodoma hiyo hiyo, na watafiti wa kigeni wamekwishazisoma. Mwanafunzi wetu wa historia aanzie huko, kisha aende kwa wazee. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 leo amefika 90.