Istilahi za Mazungumzo ya Umma: Uhuru wa Kujieleza na Maneno Mengine

Mazungumzo ya hadhara juu ya fasihi, utamaduni, mazingira na uhuru wa maoni yamepata makao katika viunga vya Dar es Salaam. Huko Mikocheni, mkahawa wa vitabu wa Soma umekuwa ukiwakutanisha waandishi na wasomaji. Huko Mabibo, Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1993, umekuwa na semina zake za kila Jumatano. Na huko Kijitonyama, katika majengo ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, liliwekwa Kavazi la Mwalimu Nyerere. Lugha ya mikutano ya namna hii aghalabu ni Kiswahili, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini lugha kutumika ni jambo moja, na maneno yake kubeba mawazo yaliyokusudiwa ni jambo jingine. Katika makala haya twakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo. Kipimo chetu ni kimoja: mkazi wa Tandika au Mbagala, asiyepata kuketi katika mikutano hiyo, akilisikia neno atafahamu lililokusudiwa, au atafahamu kinyume chake?

Tuanze na neno zuri, kwani mhakiki asiyeona ila kasoro si mwadilifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha uprofesa kwa heshima ya Nyerere mwaka 2008, uliitwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika. Kigoda hukijua kila mtu: ni kiti kifupi cha nyumbani. Neno likaongezewa maana mpya bila kunyang'anywa ile ya kwanza. Umajumui nao, japo ni mgeni zaidi, una ndugu zake wanaofahamika, jumuiya na kujumuisha. Hivi ndivyo istilahi ipasavyo kuzaliwa.

Neno la pili ni maudhui. Wanafunzi wetu wa fasihi wamefundishwa kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Na ndani ya maudhui huwekwa dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa ya mwandishi. Kwa maana hiyo maudhui si kitu kinachookotwa juu ya ukurasa. Hupatikana kwa kusoma na kufasiri, na wasomaji wawili waweza kutofautiana. Mwaka 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na mwaka 2020 zikabadilishwa kwa nyingine. Humo maudhui ni chochote kilichowekwa mtandaoni: maandishi, sauti au picha, na yako maudhui yaliyokatazwa, yenye adhabu. Basi katika mkutano mmoja mshairi hutaja maudhui akikusudia maana, na mwanasheria hutaja maudhui akikusudia kitu chenyewe. Hatari yake si ndogo. Shairi la kejeli lisemalo jambo na kukusudia kinyume chake laweza kuhukumiwa kwa maneno yake ya juu, kana kwamba maneno hayo ndiyo maudhui. Neno moja limeifuta tofauti ambayo uhakiki wote wa fasihi umesimama juu yake.

Neno la tatu ni mazingira. Hili limeenea mno: tuna mazingira ya kazi, mazingira magumu, hata mazingira ya ajali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakusudia ardhi, maji, hewa na viumbe. Lakini katika mikutano neno huelea tu. Tukumbuke kwamba wakazi wa Tabata walipolishitaki Jiji mwaka 1988 kwa ajili ya jaa la taka, na wenzao wa Kunduchi Mtongani walipofanya hivyo mwaka 1991 baada ya taka kuhamishiwa kwao, walilalamikia moshi, harufu na inzi. Katika shauri la Tabata, Jaji Lugakingira aliitegemea Ibara ya 14 ya Katiba, yaani haki ya kuishi. Hukumu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama ilipitishwa mwaka 2021. Hatusemi mazingira litupwe. Twasema msemaji anayetaja uchafuzi wa mazingira hana budi kutaja pia ni moshi gani na ni jaa la wapi, au dampo kama wengi waliitavyo.

Tumeliacha mwisho neno lililo zito kuliko yote. Siku hizi husemwa uhuru wa kujieleza. Sasa mtumishi yeyote ajua kujieleza ni nini ofisini: anayetuhumiwa hupewa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua. Mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani naye hutakiwa ajieleze. Kujieleza, basi, ni kazi ya mtu aliye chini mbele ya aliye juu, na kiambishi -ji- chamrudisha msemaji kwenye nafsi yake, ilhali raia ataka kusema juu ya bei, mto, shule na serikali. Uhuru ulioitwa hivyo wafanana na ruhusa ya kujitetea. Ibara ya 18 ya Katiba haikwenda njia hiyo. Yenyewe yataja uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra, pamoja na haki ya kutafuta na kupata habari. Hayo ni maneno ya mtu aliyesimama wima.

Yupo atakayetujibu kwamba matumizi yamekwisha kuamua, na kwamba neno lililokwisha kuzoeleka haliondoshwi kwa makala. Ni kweli kwamba Baraza haliwezi kuwaamuru watu namna ya kusema. Lakini laweza kupendekeza, na wenye mikutano waweza kuchagua. Tunapendekeza uhuru wa kutoa maoni badala ya uhuru wa kujieleza. Na katika sheria, yaliyochapishwa mtandaoni badala ya maudhui, ili fasihi irudishiwe neno lake. Vituo tulivyovitaja vyote viko upande mmoja wa jiji. Mazungumzo hayo yatakapovuka kwenda Temeke, na yapasa yavuke, yasiende na msamiati unaomtaka msikilizaji ajieleze kabla hajasema.