Changa la macho la Omaha: Wichita State walijitakia wenyewe

Mashindano ya besiboli ya vyuo vya Marekani yakirudi Omaha, hakosekani mtu wa kufukua yale marudio ya 1982. Watu hutazama, hucheka, humsifu Skip Bertman na vijana wake wa Miami kwa kuwapiga Wichita State changa la macho mbele ya uwanja mzima, kisha mjadala unafungwa. Mimi sicheki. Changa la macho halipigwi bila jicho la kulipokea, na jicho la siku ile lilikuwa la Phil Stephenson, mwizi wa bezi aliyewazidi wote vyuoni mwaka ule. Aliondoka bezi ya kwanza bila kuuona mpira. Hilo ni kosa la darasa la kwanza, na sifa zote mnazowamwagia Miami hazilifuti.

Tukio mnalijua, kwa hiyo nalipitia kwa haraka. Ilikuwa iningi ya sita, uwanja wa Rosenblatt. Stephenson yuko bezi ya kwanza, anajivuta nje hatua kwa hatua. Mrushaji wa Miami, Mike Kasprzak, ameshamrudisha kwa kumrushia mpira mlinzi wa bezi ya kwanza, Steve Lusby. Safari hii anatoa mguu kwenye kibao, anauzungusha mkono kuelekea bezi ya kwanza, lakini mpira haumtoki. Stephenson anajitupa kichwa mbele kurudi bezini. Lusby anaruka juu yake kama mtu aliyepitwa na mpira. Warushaji wa akiba wanatawanyika kutoka kwenye benchi lao, walinzi wanakimbilia pembeni mwa uwanja wa kulia, na kila aliye upande wa Miami ananyoosha kidole na kupiga kelele. Stephenson anainuka, anakata mbio kwenda bezi ya pili. Kasprzak, ambaye mpira anao muda wote huo, anamrushia mwenzake. Mkimbiaji anaguswa, anatoka.

Mchezo uliisha 4-3, Miami juu. Mkimbio mmoja. Hesabu nyingine fanyeni wenyewe.

Kwanza tuwanyamazishe wanaodai kwamba ile ilikuwa boki. Mrushaji aliyekanyaga kibao akiigiza kurusha bezi ya kwanza na mpira usitoke, hiyo ni boki na mkimbiaji anapewa bezi inayofuata bure. Kasprzak alitoa mguu kwanza. Akishautoa kihalali, sheria inamtazama kama mlinzi yeyote wa ndani: anaweza kuigiza, kutembea na mpira, hata kukaa nao akimwangalia mkimbiaji. Waamuzi walikuwa sahihi, na hapo sina neno.

Lakini uutazame mguu ule kwa macho ya mkimbiaji. Mrushaji akishatoka kwenye kibao, hakuna mpira unaokwenda kwa mpigaji. Kama hakuna mpira unaokwenda kwa mpigaji, hakuna wizi wa kuwahi. Kazi ya mkimbiaji wakati huo ni moja tu: kurudi, kukanyaga bezi, kujua mpira uko wapi. Saa yake imesimama. Stephenson aliendelea kucheza kana kwamba saa inakwenda, na hapo ndipo alipoupoteza mchezo, kabla hata Lusby hajaruka.

Sasa tuseme amesharudi bezini na anasikia kelele za mpira uliopita. Mkimbiaji aliyefunzwa ana sehemu tatu za kutazama. Ya kwanza ni mikono ya mrushaji: aliyerusha vibaya hana kitu kwenye glavu wala kwenye kiganja. Ya pili ni mwamuzi wa bezi. Mwamuzi hana timu, hajafundishwa mchezo wa kuigiza na mtu yeyote, na mpira ukikimbia ni lazima aufuate kwa macho. Mwamuzi akiendelea kukitazama kichuguu cha mrushaji, basi mpira uko huko huko. Ya tatu ni mpira wenyewe, ukitambaa kwenye majani. Uso wa mpinzani haumo kwenye orodha hiyo, wala sauti yake. Stephenson aliviruka vyote vitatu akaamini ushahidi wa watu waliokuwa na kila sababu ya kumdanganya.

Watetezi wake husema: mwizi wa bezi huishi kwa nusu sekunde, angesimama kutazama angechelewa. Hoja hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ni kinyume kabisa cha ukweli. Kutoka bezi hadi bezi ni futi 90. Mpira uliompita mlinzi wa kwanza ukaingia eneo la nje ya mstari unahitaji mtu wa kuufukuza, kuuokota, kugeuka na kurusha tena mpaka bezi ya pili. Mkimbiaji mzito anahitaji kila sekunde ya muda huo. Mwenye miguu ya Stephenson angeweza kusimama, akageuka, akauona mpira, na bado akafika bezi ya pili bila kujitupa chini. Kasi inakununulia muda wa kutazama. Katika Rosenblatt nzima hakuna mkimbiaji aliyekuwa na haja ndogo zaidi ya kuharakisha kuliko yeye, naye ndiye aliyeharakisha.

Pimeni mizani. Kama mpira umepita kweli na yeye ametazama kwanza, anafika bezi ya pili. Kama haujapita na ametazama, anabaki bezi ya kwanza, salama. Kama haujapita na hakutazama, ametoka. Kutazama hakukuwa na gharama yoyote. Kutotazama kuligharimu mtu bezini katika mchezo ulioamuliwa na mkimbio mmoja. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji kocha mkubwa kuukosoa.

Halafu kuna suala la kurudi bezini kwa kichwa, na wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba hapa nina kesi ya muda mrefu. Mafundisho yanasema mkono wa kulia uguse kona ya nyuma ya bezi na uso ugeukie uwanja wa kulia. Wengi hudhani hiyo ni kulinda meno tu. Ni zaidi ya hapo: uso ukigeukia kulia, unaliona lile lile eneo ambako mpira uliopita ungekuwa unatambaa. Siku ile pale palikuwa na watu wanaoukimbilia mpira usiokuwepo. Anayejitupa akala vumbi na kufumba macho anainuka akiwa kipofu kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ndio uliokuwa soko la Bertman. Ndiyo maana mrushaji alimrudisha kwanza kwa mipira ya kweli. Aliyerushiwa mpira wa kweli huamini kwamba na unaofuata ni wa kweli.

Wala Miami hawakumtegea mtu yeyote tu. Mkimbiaji mvivu asingeondoka. Angebaki amekumbatia bezi na igizo lote lingekuwa aibu ya Miami. Mtego ule ulihitaji mwenye uchu wa bezi ya pili. Bertman, wakati huo msaidizi wa kocha Ron Fraser, aliisoma tabia hiyo vizuri na vijana wake waliufanyia mchezo mazoezi. Sawa, ni kazi nzuri. Lakini tabia iliyosomwa na adui ilipaswa kusomwa kwanza nyumbani.

Nyumbani ni wapi? Ni kwenye boksi la kocha wa bezi ya kwanza. Huyo hana gongo mkononi, hana wa kumgusa, hana anachokifanya ila kuwa jicho la pili la mkimbiaji. Kama alimwambia abaki, hakusikika. Kama hakumwambia, boksi lilikuwa tupu tu lenye mtu ndani. Juu yake yuko kocha mkuu, Gene Stephenson, kaka yake Phil. Timu iliyojipatia riziki kwa kukimbia ilipaswa kuwa na amri moja isiyovunjwa: mpira haujaonekana, mguu hautoki. Amri hiyo siku ile haikuonekana uwanjani.

Nawatendea haki katika mstari mmoja: chuo hiki cha umma cha mjini, ambacho baada ya msimu wa 1970 hakikuwa na timu ya besiboli kabisa, kilirudi uwanjani 1978 chini ya Gene Stephenson, na katika msimu wa tano tu kikamaliza 73-14, Phil akiwa na bezi 87 za wizi. Ni kazi kubwa. Ndiyo sababu kosa lile linauma.

Maana hasara haikuishia kwenye ule mchezo. Katika mfumo wa kutoka kwa kufungwa mara mbili, kipigo cha kwanza hukupeleka njia ndefu: michezo ya ziada, na kila mchezo wa ziada unakula mikono ya warushaji. Wichita State walipita njia hiyo wakafika fainali, wakawakuta Miami wale wale wakiwasubiri bila kipigo. Wakafungwa 9-3. Watu huikumbuka fainali ile kama mchezo mwepesi. Ulianza kuwa mwepesi pale bezi ya kwanza.

Na Bertman hakuwaacha. Alikwenda chuo cha LSU kuwa kocha mkuu, na 1991 akawafunga Wichita State 6-3 katika fainali. Miaka miwili baadaye akawarudia, safari hii 8-0, Brett Laxton akiwatoa wapigaji 16 kwa straiki. Zile fainali mbili nazikubali bila ubishi. Hazikuwa na igizo, walishindwa na timu bora. Ya 1982 ndiyo ambayo sitaikubali, kwa sababu ndiyo waliyoigawa wenyewe.

Mlinganisheni Phil na wezi wa bezi walionilea mimi. Maury Wills aliiba 104 mwaka 1962. Lou Brock alipofika 118 mwaka 1974, alikuwa tayari amejulikana kama mtu aliyewapiga warushaji picha kwa kamera ndogo ya filamu ili awasome mabega, magoti na visigino. Kazi yake ilianza kwenye macho, miguu ikafuata. Mtu wa namna hiyo, hata kelele ziwe nyingi kiasi gani, jicho lake lingebaki kwa Kasprzak, kwa sababu alishazoea kwamba habari zote za mkimbiaji hutoka kwenye kichuguu. Jackie Robinson naye alikuwa akinaswa katikati ya bezi mbili na bado anatoka salama, akiufuata mpira mkono kwa mkono. Vijana wa leo wamepewa bezi pana zaidi tangu 2023 katika ligi kuu, na mrushaji amewekewa kikomo cha kutoka kwenye kibao. Wanaiba kwa ruhusa ya sheria. Msinitajie idadi zao mbele ya Brock.

Mtasema nimeshaanza tena, lakini ugonjwa wa kukimbilia kelele uliingia hata kwenye ofisi za Wichita State yenyewe. Chuo kilichomilikiwa na jiji la Wichita tangu 1926 na kuingia mikononi mwa jimbo la Kansas 1964 kilifuta mpira wa miguu wa Kimarekani 1986, na besiboli ikabaki moja ya nyuso zake kuu. Mwaka 1989 Gene Stephenson akakiletea ubingwa, 5-3 dhidi ya Texas. Mwaka 2013, baada ya misimu 36 na ushindi 1,837, akaondolewa. Kweli, mara ya mwisho timu kufika Omaha ilikuwa 1996, akiwa yeye yeye kocha, na kelele za kutaka mabadiliko zilikuwa na msingi. Lakini waliomwondoa walipaswa kuona kwanza mpira uko wapi. Hadi leo Wichita State haijarudi Omaha, na ubingwa wa 1989 bado ndio pekee walio nao.

Kwa hiyo, makocha mnaofundisha vijana kukimbia bezi, marudio ya Rosenblatt yaonyesheni, ila msiwaonyeshe kama kichekesho. Simamisheni picha pale Kasprzak anapotoa mguu, muulize darasa mpira uko wapi, na asiyejibu asiruhusiwe kukimbia. Miami wabaki na ushindi wao na ujanja wao. Kosa ni la Wichita State, na lilifanywa na mkimbiaji wao bora kuliko wote.