Yale Yasiyoguswa: Shule za Vitendo na Ruhusa ya Wazazi, Kutoka Jeddah Hadi Mombasa

Anayetaka kueleza elimu ya vitendo aghalabu huanza na vifaa: maabara, bustani ya shule, karakana, meza zisizopangwa kwa safu. Vifaa vina umuhimu wake, lakini havituambii kwa nini shule moja ya namna hii hudumu miaka na miaka na nyingine hufa mara tu mwanzilishi wake anapohama. Hoja yangu ni kwamba shule hizi hudumu kwa sababu ya yale ambayo waanzilishi wake waliamua kutoyagusa. Ndani ya darasa hubadilisha karibu kila kitu. Nje ya darasa, pale mzazi, shehe na mtawala wanapotupia jicho, huacha mambo yabaki na sura wanayoijua. Jeddah panafaa kuipima hoja hii, kwa kuwa ni mji wa wafanyabiashara na mahujaji ambako shule binafsi imeitangulia serikali zaidi ya mara moja. Mwaka 1905, wakati Hijaz ingali chini ya Waturuki na shule za serikali zikisomesha kwa Kituruki, mfanyabiashara Muhammad Ali Zainal Alireza alifungua madrasa ya Al-Falah, iliyosomesha kwa Kiarabu na baadaye ikazaa matawi Makka, Bombay na katika nchi za Ghuba. Nusu karne baadaye, mwaka 1955, mji huohuo ukapata Dar al-Hanan, shule ya wasichana, wakati ambapo ufalme mzima wa Saudia haukuwa na hata shule moja ya serikali kwa ajili yao.

Tuitazame Dar al-Hanan kama kazi ya ufundi. Mwanzilishi wake, Iffat Al-Thunayan, alikulia Istanbul, akafika Hijaz mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuolewa na Faisal, ambaye kufikia 1955 alikuwa mrithi wa kiti cha ufalme. Uturuki alikokulia ndiyo iliyomwalika mwanafalsafa wa elimu John Dewey mwaka 1924 aishauri juu ya shule zake; sidai kwamba mawazo ya Mmarekani huyo yalisafiri naye hadi Jeddah, ila binti wa Istanbul wa enzi zile hakuwa mgeni wa mjadala wa shule mpya. Mumewe angeweza kutoa amri shule ikafunguliwa siku ya pili. Iffat hakupita njia hiyo. Shule ilianza kwa sura ya nyumba ya kulelea mayatima, na jina lake, Nyumba ya Huruma, halikumtisha mtu. Lengo lililotangazwa lilikuwa kulea akina mama bora kwa mwongozo wa Uislamu. Hakuna shehe wa mji ule ambaye angesimama hadharani kupinga yatima wa kike kufundishwa dini, kusoma na kutunza nyumba. Chini ya paa hilo yakaingia masomo ambayo wavulana walikuwa wakiyapata, kuanzia elimu ya msingi hadi ya kati na kuendelea. Sitara, dini na heshima ya familia vikabaki mahali pake. Kilichobadilika ni kile kilichotendeka kati ya msichana na kitabu, na hicho hakikuwa kikionekana kutoka barabarani.

Matokeo yake yalikuja upesi kwa kipimo cha mambo ya aina hii. Mwaka 1959 serikali ilitangaza kwamba itafungua shule za wasichana, na mwaka uliofuata zikaanza. Kule Buraidah, mji wa Najd, upinzani ulikuwa mkali, na ujumbe ukatumwa Riyadh kulalamika mwaka 1963. Jibu la Faisal likawa kwamba hakuna mzazi atakayelazimishwa kumpeleka binti yake. Bei nayo ilikuwapo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisimulia habari hii kama ushindi mtupu. Ili shule za wasichana zikubalike, usimamizi wake uliwekwa mikononi mwa wanazuoni wa dini, katika idara iliyojitenga na Wizara ya Elimu. Hali hiyo ilidumu hadi 2002, idara hiyo ilipounganishwa na wizara baada ya moto wa shule ya wasichana mjini Makka kuua wanafunzi 15 na kuamsha hasira ya umma. Yaani ganda lililoilinda mbegu liliibana pia, kwa miaka 42. Anayechagua njia hii inampasa ajue kwamba anakopa, na deni litadaiwa.

Msomaji atasema, na kwa haki, kwamba Dar al-Hanan haikuwa shule ya vitendo kwa maana ya shule aliyoianzisha Dewey mjini Chicago mwaka 1896, ambako watoto walipika, walishona na kuchonga ili wafikie hesabu na sayansi kwa njia ya mikono. Nakubali. Jeddah ya 1955 inatuonyesha jinsi ruhusa ilivyopatikana. Kazi ya ndani ya darasa inaonekana vizuri zaidi ng'ambo nyingine, Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wakiachwa nyuma katika shule za msingi, wakamwomba Aga Khan msaada. Ombi lenyewe lilikuwa na ugumu wake: mfadhili ni imamu wa Maismaili, na waombaji wengi wao ni Masunni wa madhehebu ya Shafii. Ufumbuzi ulikuwa kuiweka shule mpya ndani ya madrasa, chini ya kamati ya mtaa wenyewe, na kumkabidhi kazi mwalimu anayejulikana mjini, Bi Swafiya Said. Jumuiya ilitoa chumba na kuchagua walimu miongoni mwa mabinti zake. Kituo cha Madrasa, chombo cha kuendesha mpango huu, kikatoa mafunzo na wakufunzi wa kutembelea. Kutoka Mombasa mpango ukaingia Zanzibar na Uganda, na shule zikafika mamia.

Ukiingia darasani humo unakuta mageuzi makubwa kuliko ambavyo ukuta wa nje ungekudokeza. Badala ya watoto kukaa chini wakimwitikia mwalimu kwa sauti moja, chumba kimegawanywa kona: ya nyumbani, ya vitabu, ya ujenzi, ya maji na mchanga. Vifaa ni vifuu vya nazi, vizibo vya soda, kauri za ufukweni, mbegu, vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Mtoto husema kwanza atakwenda kona gani na kufanya nini, akafanya, kisha akawaeleza wenzake alichofanya na kilichomshinda. Utaratibu huo ulichukuliwa kutoka kwa programu ya HighScope ya Marekani, lakini unaendeshwa kwa Kiswahili, kwa dua na nyimbo za Kiislamu. Mtoto anayejaza ndoo kwa kifuu kidogo, kisha kwa kikubwa, na kuulizwa kwa nini mara hii alichota mara chache, anafanya hesabu ya uwiano kabla hajalijua jina lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliofanyika Kenya, Zanzibar na Uganda, ulikuta kwamba watoto wa shule hizi waliendelea zaidi katika vipimo vya uelewa kuliko waliosoma chekechea za kawaida, na wote hao waliwapita waliobaki nyumbani. Kauri na vizibo vinapatikana kila mahali pwani. Jambo lisilopatikana kirahisi ni mkufunzi anayerudi darasani tena na tena kumwangalia mwalimu, kwa muda wa miaka miwili hivi, hadi mwalimu aweze kusimama mwenyewe.

Sasa tupime hoja kwa mifano iliyokwenda kombo. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere Machi 1967, ilikuwa kwenye maandishi falsafa bora ya elimu ya vitendo kuliko nyingi zilizoandikwa Ulaya: shule iwe shamba na karakana, wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Katika shule nyingi ilichogeuka ni jembe. Mwanafunzi alilima, mwalimu akasimamia, na uhusiano kati ya shamba na somo la sayansi haukuonekana, kwa sababu mtihani wa kumaliza darasa la saba uliendelea kuuliza mambo ya ubaoni. Mzazi alimpeleka mtoto shule ili atoke shambani, akamkuta shambani. Hapo kilichoguswa ndicho hasa mzazi alichokithamini, na kilichoachwa, yaani ufundishaji wa ndani ya darasa, ndicho kilichohitaji kubadilishwa. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, uliteleza kwa namna nyingine: vitendo vilihamishiwa nyumbani. Wazazi wakajikuta usiku wakitafuta pa kuchapishia picha na kutengeneza sanamu za kufukuza ndege, kazi ambayo mtoto aliibeba asubuhi bila kuifanya. Kejeli zilizofuata hazikuwa za chuki dhidi ya vitendo. Zilikuwa za watu waliotwishwa gharama ya darasa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya yanafaa chekechea, ila mtoto akifika darasa la sita au shule ya kati muda wa kuchezea maji umekwisha, na mitihani inagonga mlango. Saudia yenyewe ni ushahidi mzuri hapa, kwa kuwa kwa miaka mingi shule zake zimetegemea kitabu kimoja cha wizara, kuhifadhi na kujibu. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2018 vijana wake wa miaka 15 walipata alama 373 kwa hesabu na 386 kwa sayansi, ilhali wastani wa nchi za OECD ulikuwa 489 katika yote mawili. Nchi hiyo haikukosa fedha, majengo wala kompyuta. Sisemi kwamba kuhifadhi pekee ndiko kulikoleta alama hizo. Sababu ni nyingi, na lugha ya vitabuni dhidi ya lugha ya nyumbani ni mojawapo. Lakini anayedai kwamba kuacha vitendo kunamwandaa kijana kwa mitihani, na atueleze miaka hiyo yote ya kutayarisha mitihani ilileta nini.

Wala si lazima vitendo viwe mchezo nje ya mtaala. Chukua somo la uvukizaji katika shule ya kati ya Jeddah. Mji huu hauna mto, na hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Hata Waturuki, miaka michache baada ya Al-Falah kufunguliwa, waliweka mtambo wa makaa ya mawe wa kuchemsha maji ya bahari, ambao wenyeji waliuita Kindasa. Mpe kila mwanafunzi karai, lita moja ya maji ya Bahari ya Shamu, karatasi ya plastiki, kikombe na kokoto. Kikombe kinawekwa katikati ya karai, karai linafunikwa kwa plastiki na kufungwa, kokoto inakaa juu yake ili matone yatelemkie kikombeni. Jua la Jeddah halihitaji kuhimizwa. Maji yote yakishakauka, chumvi iliyobaki inapimwa kwenye mizani: bahari hii ina takriban gramu 40 katika lita, zaidi ya gramu 35 za bahari kuu, na mwanafunzi aliyepata 28 lazima atafute zilipopotelea. Hapo pana uvukizaji, uwiano, jiografia, historia ya mji na makosa ya kipimo, na mtihani wa wizara unaweza kuuliza lolote kati ya hayo. Kitabu cha serikali hakijafungwa wala kutupwa. Kimepata cha kueleza.

Kuhusu gharama, ni kweli kwamba elimu hii Jeddah leo inanunuliwa zaidi na wenye uwezo, katika shule za kimataifa. Shule ya chuo kikuu cha KAUST pale Thuwal, kilomita 80 hivi kaskazini mwa mji, inafuata programu za International Baccalaureate, ambamo watoto wa msingi humaliza kwa onyesho la utafiti wao na wale wa kati husomea usanifu wa vitu kama somo kamili. Inavutia, ila haitufundishi mengi juu ya kupata ruhusa: makazi yake yote ni ya chuo na wazazi wengi ni watu wa maabara, kwa hiyo hakuna wa kushawishiwa. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba hata shule za kimataifa hutakiwa kusomesha Kiarabu na dini, na zile zinazoyapa masomo hayo walimu bora, badala ya kuyatimiza kwa shingo upande, hazilazimiki kumweleza mzazi kila siku kwa nini mtoto amerudi na mikono yenye gundi. Kwa shule maskini, hesabu ya Mombasa ndiyo ya kufuatwa: pesa ya kwanza iende kwa mkufunzi na saa za mwalimu za kujiandaa, vifaa vifuate.

Linabaki swali la uadilifu: je, si hila kumwonyesha mzazi paa la zamani huku chini yake mambo yamegeuzwa? Ingekuwa hila kama paa lingekuwa pambo. Dar al-Hanan ilisomesha dini kweli, na madrasa za Mombasa ziliendelea kuwa madrasa. Mzazi alipata alichoahidiwa, na zaidi. Hila ni kuahidi elimu ya umilisi na kuleta orodha ya vitu vya kununua. Kwa hiyo wenye shule binafsi za msingi wanaotaka kuingia njia hii, Dar es Salaam, Mombasa au Jeddah kwenyewe, wakae na wazazi kabla ya kununua chochote, waandike pamoja mambo ambayo shule haitayagusa, wayatie saini, kisha wawaachie walimu kila kilichobaki.