Besi Inavujia Wapi: Eafoni za Wazi na za Kuchomeka

Boksi la eafoni kwenye kabati la kioo, liwe Musoma mjini au Bunda stendi, hujinadi kwa mambo mawili: spika ina milimita ngapi na betri inakaa saa ngapi. Hata yakiwa kweli, hayamwambii mnunuzi atasikia nini. Kinachoamua sauti ni hewa iliyo kati ya spika na ngoma ya sikio, kama imefungiwa humo au inapata njia ya kutoka, na hilo linategemea namna kifaa kinavyokaa kwenye sikio la mtu huyu, si la mwenzake. Kwa hiyo ubishi wa siku hizi, kwamba eafoni za wazi zinazokaa nje ya tundu la sikio ni bora au ni duni kuliko za kuchomeka zenye vimpira, hauwezi kumalizwa kwa kulinganisha spika. Unamalizwa na kelele ya mahali unaposikilizia. Na hapo ushauri uliozoeleka umewekwa miguu juu kichwa chini: eafoni za wazi zinasifiwa kuwa kifaa cha barabarani, wakati barabarani ndipo zinapoharibikiwa zaidi.

Tuanze na za kuchomeka. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na kimpira kikishaingia na kuziba mdomo wake, kinachobaki ndani ni hewa ya karibu sentimita moja ya ujazo. Utando wa spika ukisogea mbele kidogo tu, hewa hiyo yote inagandamizwa, kama pampu ya baiskeli uliyoiziba tundu kwa kidole. Jambo la muhimu ni kwamba mgandamizo huo haujali kama utando unatetemeka polepole au haraka. Mtetemo wa hezi 40, ambao ndio tumbo la ngoma katika singeli au amapiano, unafika ukiwa mzima sawa na ule wa hezi 400. Ndiyo maana spika ya milimita 6, ndogo kuliko kifungo cha shati, inaweza kutoa besi inayotikisa kichwa. Lakini neema hiyo ina sharti moja: pasiwe na mwanya. Ukiacha upenyo mwembamba pembeni ya kimpira, sauti nzito ndizo za kwanza kutoroka, kisha kinachosalia ni matoazi na herufi s zinazokwaruza.

Eafoni ya wazi imeukataa mfumo huo tangu mwanzo. Spika yake inaelekezwa kwenye tundu la sikio ikiwa umbali wa milimita kadhaa, na hewa inayoisukuma haina ukuta wa kuizuia. Katika hali hiyo hesabu inabadilika kwa ukali: kila masafa ya mtetemo yakipungua kwa nusu, utando unapaswa kusukuma hewa mara nne zaidi ili kutoa nguvu ileile ya sauti. Kutoka hezi 160 kushuka hadi 40 ni nusu mbili, yaani mara 16. Hakuna utando wa kifaa kinachoning'inia sikioni unaoweza kusogea kiasi hicho bila kugonga mwisho wake. Juu ya hayo, sikio lenyewe ni zito kusikia besi. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933, kwa vipimo vyao vya maabara za Bell nchini Marekani, kwamba sauti nzito zinahitaji nguvu kubwa zaidi ili zisikike sawa na za katikati, na pengo hilo huongezeka sauti ikipunguzwa. Kwa hiyo eafoni ya wazi inapoteza besi mara mbili, kwanza kwenye hewa, halafu kwenye sikio.

Watengenezaji wanalijua hilo vizuri, na walichofanya kinastahili heshima. Walipanua spika hadi milimita 12, 14 na kuendelea. Wakaweka programu inayopandisha sauti nzito ukiwa umefungulia kidogo na kuzishusha ukifungulia sana, ili utando usipasuke. Ndiyo sababu eafoni hizi huwa na besi nzuri kwa sauti ya wastani, kisha hukonda unapozidisha. Baadhi wakatoboa matundu upande wa nyuma ili sauti inayotoka huko, ambayo mtetemo wake uko kinyume, iue sauti inayovuja kwa jirani. Hila hii ya mwisho ina gharama, kwa kuwa mitetemo miwili iliyo kinyume huuana kwa urahisi zaidi kadiri sauti inavyokuwa nzito, na besi iliyokuwa haba inapunguzwa tena. Bose walipotoa zao za kubana ukingo wa sikio mwaka 2024, na Shokz walipotoa OpenFit mwaka mmoja kabla, walikuwa wanapigania kitu hicho hicho: hezi chache za chini.

Hata hivyo besi si kitu kimoja, na hapa mashabiki wa eafoni za wazi wana hoja. Chukua litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, ambalo kule Tarime nyuzi zake nene hunguruma huku zikikwaruza. Uzi mnene haupigi mtetemo mmoja peke yake; unapiga pamoja na mara mbili yake, mara tatu, mara nne, na ule mkwaruzo unaongeza mingine mingi ya juu. Ubongo ukipewa hezi 140, 210 na 280, unajijazia wenyewe ile 70 iliyokosekana, na msikilizaji anaapa kwamba ameisikia. Kwa sababu hiyo litungu, gitaa la besi la dansi na sauti nzito ya mwimbaji hubaki zikitambulika kwenye eafoni ya wazi, ila zimepungua uzito. Kinachotoweka kabisa ni besi ya kompyuta isiyo na mitetemo ya juu, ile inayotengenezwa ili isikike kifuani. Anayesema eafoni za wazi hazina besi na anayesema zinayo ya kutosha mara nyingi hawabishani kuhusu kifaa, wanasikiliza miziki tofauti.

Sasa ukaaji. Eafoni za kuchomeka huja na vimpira vya saizi tatu, na watu wengi hubaki na vile vya kati vilivyokuwa vimevalishwa kiwandani. Zinazouzwa bila boksi kwa wamachinga hazina hata vimpira vya saizi nyingine. Tundu la kulia na la kushoto la mtu yuleyule linaweza kutofautiana, kwa hiyo kuvaa kimpira kikubwa upande mmoja na cha kati upande mwingine si ushamba. Kipimo chake hakihitaji fundi: piga wimbo wenye besi, kisha sukuma eafoni ndani kwa kidole taratibu. Besi ikiongezeka ghafla, basi muda wote huo ulikuwa unasikiliza mwanya. Kuna pia jambo la taya. Mtu akitafuna au akizungumza, tundu la sikio hubadilika umbo, na kimpira kilichokaa vizuri asubuhi hulegea katikati ya maongezi. Eafoni nyingi zinazolaumiwa kuwa feki, pengine zimenunuliwa kwa hela nyingi tu, zina kosa la kimpira peke yake.

Za wazi hazina vimpira lakini zina sikio la nje, na hilo lina maumbo mengi. Kulabu inayozunguka nyuma ya sikio inagombea nafasi na mkono wa miwani. Mtandio au kilemba kinaisukuma spika karibu na tundu, besi inaongezeka, ila kila ukigeuza shingo unasikia nguo ikisugua. Kofia ngumu ya bodaboda hufanya kinyume: inainyanyua, na milimita mbili au tatu zinatosha kuufanya muziki uwe kama wa redio ya jirani. Zile za kubana ukingo huepuka miwani, isipokuwa kwenye sikio lenye ukingo mwembamba huteleza taratibu kuelekea chini. Kwa ufupi, hakuna aina iliyoshinda kwa ukaaji. Tofauti ni kwamba iliyochomekwa vibaya inarekebishwa kwa kimpira cha bei ndogo, wakati ya wazi isiyokukaa haina dawa.

Kelele ndiyo inayoamua. Ndani ya Hiace inayokimbia kati ya Musoma na Bunda, madirisha wazi, injini chini ya kiti cha dereva, kelele ya desibeli 75 au zaidi si jambo la ajabu. Anayetaka kufuata maneno atapandisha sauti mpaka iizidi kelele hiyo, tuseme kwa desibeli kumi. Hapo yuko 85. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ongezeko la desibeli 3 linakata muda huo kwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Eafoni ya wazi haimpunguzii abiria huyu hata desibeli moja ya nje. Ya kuchomeka iliyoziba vizuri inaweza kukata 15 hadi 20, ingawa ngurumo nzito za injini hupenya zaidi kuliko kelele nyembamba, na abiria anaridhika na sauti ya 70 au pungufu. Eafoni inayotangazwa kuwa rafiki wa masikio, kwa sababu tu haiyaingii, ndiyo inayomfanya ajimiminie sauti kubwa zaidi.

Mashabiki wa eafoni za wazi watajibu kwamba hoja yao si muziki mtamu bali usalama: unasikia honi, unasikia lori nyuma yako. Kwa mwenda kwa miguu pembezoni mwa barabara tulivu, hilo ni kweli. Lakini sikio lililofunguliwa si sikio linalosikia. Sauti iliyopandishwa hadi kuizidi kelele ya barabara inaifunika pia honi iliyo katika masafa yaleyale, na akili iliyo kwenye mahubiri au kwenye mtangazaji wa mpira haiko kwenye lori. Mtu wa bodaboda ana tatizo la ziada, upepo, ambao kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unavuma kwenye sikio kwa nguvu kuliko kelele ya Hiace. Ili asikie chochote itabidi afungulie mpaka mwisho, na hapo ule uwazi aliolipia umekwisha maana. Wengine watataja AirPods 4 za mwaka 2024, ambazo hazina kimpira na toleo lake moja lina mtambo wa kuua kelele. Ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini mtambo wa namna hiyo unafanya kazi zaidi kwenye ngurumo za chini, na bila kuziba huwa dhaifu kuliko ule wa eafoni zenye vimpira. Haubatilishi hesabu, unapunguza makali yake.

Penye utulivu mambo yanageuka, na hapo nawapa eafoni za wazi ushindi bila kusita. Mwenye duka Mwigobero, Musoma, anayesubiri mteja, fundi cherehani, mama anayesikiliza taarifa huku mtoto amelala chumba cha pili, wote wanahitaji sauti ya wastani na sikio la ziada. Maneno ya mtu yanaeleweka vizuri kati ya hezi 300 na 3,400, kipimo ambacho simu za zamani ziliishi nacho miaka mingi, na eneo hilo eafoni ya wazi inalimudu kikamilifu. Hotuba za Mwalimu Nyerere, zilizorekodiwa kwa mitambo ya enzi zake, hazina besi ya kupoteza. Mtu aliyeko Butiama akizisikiliza kwa eafoni ya wazi hapungukiwi kitu. Tena anaweza kuongea bila kujisikia yuko mtungini, maana tundu likizibwa, mitetemo ya sauti yako inayopita kwenye mifupa hunaswa humo, na hata nyayo zako zinagonga kichwani. Nta na jasho navyo vina pa kutokea, jambo lisilo dogo kwa anayevaa saa nyingi, au kwa wale wenye tabia ya kuazimana eafoni. Kasoro moja: kwenye maktaba, anayekaa kiti cha pili atasikia unachosikiliza.

Yupo pia msikilizaji ambaye ubishi huu wote haumhusu. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa eafoni kuwa antena. Ukiuchomoa, kituo kinapotea. Anayeitegemea simu yake kunasa Victoria FM ya Musoma au Mazingira FM ya Bunda bila kununua bando atabaki na eafoni ya waya, na akizinunulia vimpira vinavyomkaa atakuwa na sauti nzuri kuliko nyingi zisizo na waya.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize utazivaa wapi. Kama ni dukani, nyumbani au shambani, chukua za wazi, na uzivae pamoja na miwani yako au mtandio wako palepale kabla ya kulipa. Kama ni ndani ya gari, chukua za kuchomeka zenye saizi zote za vimpira, na uzijaribu kwa kidole kama nilivyoeleza. Na kama kazi yako ni kuendesha pikipiki, ziwe za wazi au za kuziba, ziache mfukoni mpaka umshushe abiria.