Madaftari ya Misheni na Habari za Wakilindi: Juu ya Kutafuta Nasaba Korogwe na Handeni

Wako watu wa Korogwe na Handeni ambao, wakitaka kuwajua wazee wao waliotangulia, huanza kwa kuuliza yaliko madaftari ya kanisa. Sababu yake haifichiki. Kabla serikali haijafikia kuandika vizazi na vifo vya watu wa vijijini, padre alikuwa akiandika ubatizo, ndoa na maziko. Na huenda mstari ule mmoja wa wino ukawa ndio maandishi ya kwanza kabisa kumtaja mtu wa ukoo. Daftari lisipoonekana, mtafutaji huona kuwa nasaba yake imekatika. Twataka kuipima fikira hiyo, tena kuipima kwa njia ya uhakiki: daftari ni maandishi ya namna gani, liliandikwa na nani kwa ajili ya nani, na lingeweza kusema nini hata kama lingekuwa mbele yetu. Kisha tutaliweka karibu na kitabu kilichotoka katika nyumba ile ile ya Misheni, nacho ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi.

Misheni tunayoitaja ni ile ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi zake U.M.C.A. Ilizaliwa kwa mwito wa Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ikaanza kazi upande wa Nyasa mwaka 1861, ikashindwa kwa maradhi na vita, na mwaka 1864 Askofu Tozer akaihamishia Unguja. Kutoka Unguja ilivuka kwenda Magila katika Ubondei mwishoni mwa miaka ya 1860, na baadaye ikafika Korogwe na kuingia Uzigua. Mwaka 1965 iliunganishwa na chama kingine cha Kiingereza, na jina lake likakoma. Yafaa tuseme wazi kwamba waumini wake hawakutawanyika: makanisa iliyoyajenga yamo katika Kanisa Anglikana la Tanzania. Kilichokufa ni chama kilichokuwa kikiandika na kutunza makabati. Hati za makao yake ya London zimewekwa Oxford. Nyingine zimo katika Nyaraka za Taifa Zanzibar. Na madaftari ya ubatizo, kwa desturi, hubaki parishini, chini ya mvua na mchwa na makasisi wanaohamishwa.

Mgawanyo huo wa hati si jambo dogo, kwa kuwa kila rundo lina msikilizaji wake. Barua zilizokwenda London ziliandikwa kwa wafadhili. Humo padre aeleza ujenzi, homa, njaa, na idadi ya waliobatizwa; mwanamke wa kijijini hutokea kama mfano wa imani au wa ukaidi, mara nyingi bila jina la ukoo. Daftari la parishi halikuandikwa kwa mfadhili wala kwa mjukuu. Liliandikwa kwa ajili ya kanisa lenyewe, lipate kujua nani amebatizwa, nani aweza kukaribia meza ya Bwana, na nani amefungwa na ndoa. Basi mtafutaji wa nasaba alisomapo, asoma jibu la swali ambalo si lake.

Tutazame mstari mmoja wa daftari la namna hiyo. Una tarehe, jina la Kikristo, majina ya wazazi, mahali, wadhamini, na padre aliyebatiza. Kwa mtoto wa Wakristo mstari huo ni mwema. Walakini kizazi cha kwanza kilibatizwa kikiwa kimekwisha kukomaa, baada ya muda mrefu wa mafundisho, na wazazi wao hawakuwa wanakanisa. Mzazi wa namna hiyo, hata akitajwa, hana mstari wake mwenyewe mahali pengine ambapo tungeweza kumfuata. Kwa hiyo daftari halirudi nyuma zaidi ya hatua moja, na nyuma ya hatua hiyo liko kimya. Ukimya huo haukuletwa na mchwa. Ulikuwamo tangu siku wino ulipokuwa mbichi.

Liko pia suala la jina lenyewe, ambalo ni kazi yetu sisi watu wa lugha. Kwa Wasambaa majina mengi ya wanaume huanza kwa She-, na kwa Wazigua na Wabondei kwa Se-. Kiambishi hiki kwa desturi ni cha mwanamume. Dada yake, aliyezaliwa tumbo moja naye, hakitumii. Msomaji asiyejua kanuni hii atawaona kaka na dada katika ukurasa mmoja na kuwadhania kuwa wageni wao kwa wao. Kadhalika jina la namna hiyo hurudiwa kizazi baada ya kizazi, hata watu wawili walioachana kwa miaka sitini waonekane kuwa mmoja. Ongeza hapo tahajia. Wamisionari waliosoma lugha za huku, kama Woodward na Kisbey, waliandika Zigula. Kinywa cha Kiswahili huidondosha l ile, nasi twasema Zigua. Kamusi ya Kizigua aliyoitoa Kisbey mwaka 1906 ni msaada mkubwa kwa mtafutaji wa wahenga, kwa kuwa yaonyesha masikio ya Misheni yalisikia nini na mkono wake ukaandikaje. Jina linaloanza kwa herufi moja katika daftari laweza kukaa chini ya herufi nyingine katika kinywa cha bibi.

Zito zaidi ni suala la kuumeni na kukeni. Beidelman, katika utafiti alioutoa mwaka 1967, aliwaweka Wazigua na Wanguu pamoja na Waluguru, Wakaguru na wengineo miongoni mwa watu wa mashariki ya Tanzania wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa watu kama hao, anayeuliza "mimi ni nani" huulizia tumbo lililomzaa mama yake. Daftari, kwa upande wake, lilikuja na desturi ya Kiingereza, ambayo jina hupita kwa baba. Lilimwandika mama, ni kweli, lakini lilimwandika kama mke, si kama mlango wa ukoo. Ndipo twasema kwamba hata daftari lililo kamili, lisilotoboka, lingempa Mzigua nasaba ya kigeni: sahihi katika kila neno, na pungufu katika shina lake.

Kwa watu wa namna moja tu daftari lilikuwa zaidi ya hayo, nao ni waliotoka utumwani. Wavulana watano ambao Seyyid Majid alimpa Tozer mwaka 1864 walitolewa katika jahazi lililokamatwa. Mmoja wa wavulana hao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa, akawa padre wa kwanza Mwafrika wa Misheni hiyo. Mtu wa jinsi hii hakuwa na mzee wa kumsimulia ukoo wake hapo alipokua. Kwake mstari wa ubatizo ulikuwa mwanzo wa nasaba, na ukipotea huo, kimepotea kitu kisicho na badala. Mwaka 1887 Madan alitoa huko London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari za maisha zilizoandikwa na wanafunzi wa Misheni, wakieleza kwao na jinsi walivyochukuliwa. Ni kitabu cha thamani. Lakini alichokichapa Madan ni tafsiri yake ya Kiingereza. Maneno ambayo kwayo kijana alimtaja mama yake hatunayo humo. Mhakiki asiyejali hasara hiyo hajali lugha.

Sasa tuje kwa Abdallah bin Hemedi. Misheni iliyowaandika waongofu wake kwa mstari mmoja mmoja ndiyo iliyompigia chapa Mwislamu huyu, huko Magila, kati ya mwaka 1895 na 1907, historia ndefu ya nyumba ya watawala wa Vuga. Mtungaji alikuwa amekaa kwa Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri, akayasikia mengi na mengine akayaona. Baadaye alishika kazi ya utawala Tanga, akafa mwaka 1912. Nakala za chapa ile ya kwanza zilikuwa adimu sana, hata J. W. T. Allen alipokihariri upya na kitabu kikatolewa Nairobi mwaka 1962. Kwa hiyo kitabu hiki nacho kilikaribia kuwa hati iliyopotea, na kuokoka kwake twapaswa kukushukuru.

Kama utungo, chapita daftari lolote. Watu wake wanasema. Wanagombana, wanashauriana, wanadanganyana. Sababu ya jambo yatajwa kabla ya jambo. Kiswahili chake ni cha mtu aliyezoea baraza, chenye sentensi fupi zinazosukumana, wala hakijapambwa kwa kujionyesha. Zaidi ya hayo, baadhi ya habari zake zaweza kupimwa kwa mashahidi wengine: Kimweri amtajaye ndiye aliyetembelewa na Krapf mwaka 1848 na mwaka 1852, na Burton na Speke walifika Vuga mwaka 1857.

Lakini sharti tuulize: ni wahenga wa nani waliomo humo? Mbega atoka Ngulu, katika nchi ambayo leo imo katika wilaya ya Kilindi, iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Azaliwa kigego, achukiwa na jamaa zake, anyimwa urithi, aenda mwituni na mbwa wake kuwinda nguruwe, na mwisho afika Usambaa ambako mgeni mwinda nguruwe awa bwana wa nchi. Maana yake ni kwamba kitabu hiki cha nasaba chaanza kwa nasaba iliyovunjika. Mlango wa kurudi Ngulu umefungwa na wenye nyumba wenyewe, na hadithi yahitaji ubaki umefungwa, kwa kuwa ukuu wa Mbega ni ukuu wa mtu asiyedaiwa na ndugu. Feierman, katika kitabu chake cha 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, ameonyesha jinsi masimulizi ya Mbega yalivyopangwa kwa mambo yanayopingana, mwitu na mji, mwindaji na mfalme, yapate kueleza uhalali wa utawala. Twakubaliana naye, na twaongeza hili: msomaji wa Handeni anayekifungua kitabu akitafuta wazee wake wa Kinguu atawaona kwa nafasi moja tu, ile ya jamaa wabaya waliomfukuza shujaa. Watu wa kawaida hupata sauti pale wanapoasi, kama Wabondei walivyowaasi Wakilindi baada ya kufa Kimweri. Mtu aliyelima, akalipa ngoma na kodi, akazaa, akafa, hamo. Huyo yumo katika daftari, ikiwa alibatizwa.

Basi maandishi haya mawili, yaliyotoka chini ya paa moja, yanakamilishana kwa kasoro zao. Moja lina watu wadogo na tarehe bila masimulizi. Jingine lina masimulizi ya wakubwa bila tarehe. Yote mawili yanampita mama.

Huenda mtu akasema kwamba tuyaache yote na kuwauliza wazee. Mfano wa kumtia nguvu upo Handeni penyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa njaa iliwatoa Wazigua pwani, wakauzwa hata Somalia. Wakajikomboa, wakakaa kando ya mto Juba. Baada ya vita vya 1991 baadhi ya wajukuu zao walikimbilia Tanzania, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo, wangali wakisema Kizigua. Francesca Declich, aliyefanya utafiti kwenye mto Juba, ameeleza jinsi kumbukumbu zao zilivyohifadhiwa katika makundi yanayorithiwa kwa upande wa mama. Hawakuwa na daftari, wala hawakuhitaji padre kuwaambia walikotoka. Huo ni ushahidi mkubwa. Hata hivyo kumbukumbu ya kinywa nayo ina mtungaji na haja zake: hupunguza vizazi, huunganisha majina mawili kuwa moja, humsahau aliyekufa bila mtoto. Daftari humkumbuka mtoto aliyebatizwa asubuhi akazikwa jioni. Hakuna mzee anayemsimulia mtoto huyo.

Mwisho, tutenganishe kilichopotea na kisichoandikwa kamwe. Vita ya 1914 ilipoanza, Wajerumani waliwafunga wamisionari wa Kiingereza, na walimu na makasisi Waafrika wengi walifungwa pia. Korogwe na Handeni zilitwaliwa na Waingereza Juni 1916. Pengo la miaka ile katika daftari si lazima liwe kurasa zilizochanwa. Laweza kuwa ni padre aliyekuwa gerezani. Mtafutaji anayelia ukurasa ambao haukuwapo apoteza machozi yake, na pengine apoteza habari yenyewe, kwa maana pengo hilo ndilo habari.

Hukumu yetu basi ni hii. Kupotea kwa madaftari ni hasara, na yaliyosalia yanakiliwe sasa, ukurasa kwa ukurasa, tahajia ya zamani isisahihishwe, na majina ya wadhamini yasiachwe, kwa kuwa mdhamini mara nyingi ndiye uzi pekee unaomfunga mtu na jirani zake. Wanaonakili wajue Kizigua, Kibondei na Kisambaa, si Kiswahili peke yake. Na kando ya kila jina la baba, mwenye kunakili aende kwa wazee kuuliza mama alikuwa mtu wa ukoo gani. Daftari halikuuliza swali hilo, na wanaoweza kulijibu wanazidi kupungua.