Weusi wa Rupia: wa Miaka au wa Sufuria?

Rupia ya Mjerumani ikiibuka kwenye sanduku la marehemu babu, Butiama au Bunda, mara nyingi kitu cha kwanza kuifanyia ni kuisugua. Jivu, magadi, dawa ya meno, chochote kilicho karibu. Baada ya dakika chache Kaisari Wilhelm wa Pili anameremeta, na wenye nyumba wanafurahi. Kumbe sehemu kubwa ya thamani ya sarafu hiyo imekwenda na maji ya kusuuzia. Mnunuzi anayejua kazi hafuati mng'ao. Anafuata weusi, na kinachompa kazi ni kubaini kama weusi huo umeletwa na miaka au na mtu.

Rupia za fedha zilitolewa kuanzia 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kisha kuanzia 1904 serikali ya koloni ikatoa zake hadi 1914. Zilifika mbali na pwani kwa sababu ya kodi. Kodi ya nyumba ya 1898 ilimdai mtu wa kijijini rupia 3, na huku Mara mkono wa Wajerumani ulikaa Shirati. Kila rupia ina uzito wa gramu 11.66, na katika sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha. Fedha nyingi kiasi hicho ndiyo inayofanya weusi wake usomeke vizuri.

Fedha hailiwi na hewa kama chuma kinavyoliwa na kutu. Kinachoisumbua ni salfa: moshi wa koroboi, harufu ya zizi, tope la kinamasi kando ya ziwa, hata kiini cha yai lililochemshwa. Salfa hiyo ikigusa uso wa sarafu hujenga utando wa sulfidi ya fedha. Utando ukiwa mwembamba sana, mwanga unaorudi kutoka juu yake huchanganyika na ule unaorudi kutoka chini yake, na jicho likaona rangi: kwanza manjano hafifu, kisha hudhurungi nyekundu, zambarau, halafu buluu. Ukizidi kunenepa, rangi zinafifia na kuwa kijivu kizito, mwisho weusi. Rangi hizi hupokezana kwa zamu, na moja huyeyukia katika nyingine bila mpaka mkali.

Sasa ishike rupia ya 1890 karibu na dirisha na uigeuzegeuze taratibu. Tazama tai aliye juu ya kofia ya Kaisari, kisha shavu, kisha masharubu. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka, zilizosuguliwa na vidole, mifuko na sarafu nyingine kwa miaka yote ya mzunguko. Zinatakiwa kuwa na kijivu cheupe, laini, kisicho na makeke. Halafu shuka mabondeni: kati ya herufi za jina lake, chini ya ukingo wa kofia, kwenye mikunjo ya mavazi. Huko weusi lazima uwe mzito, umechanganyika na uchafu uliogandamana kwa muda mrefu. Kwa hiyo rangi ya kweli kwenye sarafu iliyotumika inafuata uchakavu. Kipimo hiki kinashinda vingine vyote, na ni heri kukianza kabla hata ya kuuliza bei.

Rangi ya kutengenezwa haijui uchakavu. Anayeichemsha sarafu na salfa, au kuifungia pamoja na yai, huipaka tai na bonde kwa kiwango kimoja. Mara nyingine buluu kali inakaa moja kwa moja juu ya fedha nyeupe bila manjano kutangulia, au michirizi inaonekana pale dawa ilipotiririka. Buluu na waridi za kung'aa juu ya sarafu iliyochakaa ziogopwe: rangi kali namna hiyo hupendeza zaidi kwenye uso ambao bado una mng'ao wake wa kiwandani, na uso huo rupia ya kodi iliupoteza zamani.

Kuna ya katikati, inayowachanganya hata wazoefu: sarafu iliyosuguliwa miaka mingi iliyopita ikaachwa ikajitia weusi tena. Rangi yake ni ya asili kabisa. Lenzi ya sonara ndiyo huitoa siri, kwa maana chini ya weusi huonekana mikwaruzo myembamba sana inayokwenda upande mmoja. Bei yake ishuke, lakini isiitwe ya kughushi.

Tazama pia ukingo wa juu, usawa wa kichwa. Sarafu nyingi za fedha ziliwekewa kitanzi zikavaliwa shingoni. Kitanzi kikitolewa, moto wa sonara na mabaki ya risasi ya kulehemu huacha doa lenye rangi tofauti na sarafu nzima.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba inataka jicho jingine. Zile za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, na robo tatu ni metali za bei rahisi, shaba ikiwemo. Zikichakaa, paji la uso la mfalme mara nyingi hugeuka umanjano badala ya kijivu cheupe. Anayeipima kwa kanuni ya rupia ataikataa shilingi halali.

Reale ya Maria Theresa, iliyozoeleka zaidi pwani, ina mtego wake: mwaka 1780 uliochapwa juu yake hausemi umri, kwa kuwa imeendelea kuchapwa karne hadi karne kwa tarehe hiyo hiyo. Weusi mzito bondeni na lulu za bruchi zilizolika ni ushahidi bora kuliko tarehe.

Kwa hiyo, mwenye rupia ndani ya nyumba Musoma na vitongoji vyake aiache ilivyo. Aifunge kwenye karatasi safi isiyo gazeti, aiepushe na mpira, aishike kwa ukingo, na kabla ya kuuza aipeleke kwa sonara ipimwe uzito, bila kumruhusu aipitishie kitambaa.