Bomba Lisilouliza

Programu ya Pandoc naiheshimu. Aliyeianzisha mwaka 2006, John MacFarlane, ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na haina madoido: unaandika amri, nayo inageuza andiko kutoka umbo moja hadi jingine. Kuna njia mbili za kuilisha, na wapo wasemao kuwa ni mamoja. Mimi nasema si mamoja.

Ya kwanza ni kuyataja mafaili kwa majina. Ya pili ni bomba, ule mstari wa wima unaomimina matokeo ya programu moja ndani ya nyingine. Doug McIlroy alilipendekeza wazo hilo huko Bell Labs mwaka 1964, na Ken Thompson akalitia katika Unix mwaka 1973.

Nilikuwa nakusanya maandishi ya marehemu mwalimu mwenzangu, sura tisa, niwakabidhi watoto wake. Nikayaunganisha kwa amri ya cat, nikayamimina. Kitabu kikatoka bila onyo lolote. Binti yake alipokipitia akaniuliza, "Mwalimu, sura ya mama iko wapi?" Katika yaliyomo zilikuwa nane.

Sura ilikuwepo. Kichwa chake kilikuwa kimemezwa na aya ya hesabu za bohari. Pandoc ikitajiwa mafaili kadhaa, yenyewe huweka mstari mtupu kati ya faili na faili. Cat haiweki kitu. Na katika Markdown ya Pandoc, kichwa kisichotanguliwa na mstari mtupu ni maneno tu. Mafaili mengine niliyamaliza kwa mstari mtupu, lile moja sikulimaliza. Kosa ni langu, nakiri. Lakini bomba hufuta mipaka kimya kimya, na majina pia: bila jina la faili Pandoc haioni mkia wa kuitambulisha aina ya andiko, hivyo hudhani ni Markdown usipoiambia vinginevyo. (Tanbihi namba 1 za sura mbili zikigongana, hapo walau huonya.)

Silikatai bomba. Pandoc hutarajia UTF-8. Andiko la zamani lenye usimbaji mwingine hupitishwa kwanza katika iconv, na kwa kazi hiyo sijaona njia nyepesi zaidi.

Niliandika amri upya, nikayataja mafaili yote tisa, moja moja. Binti alipokipokea kitabu alianza na sura ya mama yake.